Likizo yangu Kuba: Kiwandani wanasomewa hadithi!

Msomaji wangu, ukimwambia mtu wa mjini kwamba umekwenda likizo Karibiani, yeye anakuona ufukweni, miwani ya jua usoni, dafu mkononi. Pole yake! Mimi wiki zangu mbili za Kuba nilizimalizia kwa wakulima wa tumbaku na kwenye viwanda vya biri, ile sigara nene ya majani matupu isiyo na karatasi. Nauli alilipa kaka yangu, baharia wa meli za watalii. Aliponiuliza nataka kuona nini, nikamjibu tumbaku. Akacheka mpaka akakohoa.

"We mdogo wangu, tumbaku ya Urambo haijakutosha?"

Haijanitosha, na sababu ninayo. Mimi sivuti, wala sikushauri uvute, madhara yake kila mtu anayajua. Lakini tumbaku ndiyo iliyonisomesha na tumbaku ndiyo iliyonikatisha. Mzee wetu alilima heka tatu huko Urambo, mkoani Tabora. Mwaka niliomaliza kidato cha nne, marobota yetu yaliwekwa daraja la chini na pesa yote ikaishia kwenye mkopo wa mbolea. Nafasi ya serikali sikupata, shule ya kulipia ikataka ada. Kidato cha tano kikaota mbawa. Tangu hapo nikawa na hamu ya kujua: kule ambako tumbaku inasifiwa dunia nzima, mtu wa jasho anapata nini?

Tukaanzia mkoa wa Pinar del Río, magharibi mwa Havana, kwenye eneo linaloitwa Vuelta Abajo. Udongo mwekundu, ng'ombe wanalima, wazee wamevaa kofia za ukindu. Mkulima aliyetupokea alikuwa na maneno yake ya kuwaambia watalii, lakini aliposikia na mimi ni mtoto wa mkulima wa tumbaku, akayaacha yote. Kahawa ikaletwa, tukawa ndugu.

Kilichoniacha mdomo wazi ni kwamba hawachomi kuni. Sisi Urambo tumbaku yetu inakaushwa kwa moto kwenye mabani, na misitu inakwenda na maji. Wao wana banda refu lililoezekwa kwa majani. Majani yanachumwa kwa mkono, kuanzia ya chini kupanda juu, halafu yananing'inizwa kwenye fito, hewa inafanya kazi yake kwa siku kama 50 hivi. Jani la kuvalisha biri kwa nje linalimwa chini ya kitambaa chepesi, jua lisiliharibu. Linadekezwa kama bibi harusi!

Nikamuuliza habari za bei. Akatabasamu. Akasema sehemu tisa katika kumi za mavuno anaiuzia serikali kwa bei iliyopangwa, moja inabaki yake. Nikajisemea, kumbe hata huku anayepanga bei si yule mwenye sugu mikononi.

Tukarudi Havana, tukakata tiketi ya kuingia kiwandani. Kama na wewe uliwahi kudanganywa kijiweni kwamba biri zinasokotwa kwenye mapaja ya warembo, sahau. Nilikuta wanaume na wanawake wamekaa kwa mistari kama darasani, kila mtu na ubao wake, kisu chake kipana kinachoitwa chaveta, na gundi ya mmea. Fundi hodari anafikisha biri mia moja hivi kwa siku. Sanduku moja la biri hizo, kwa bei ya dukani, mshahara wake wa mwezi haulinunui.

Mbele kulikuwa na jukwaa, na mtu ana kipaza sauti. Nikadhani ni msimamizi anakoromea watu. Wapi! Ni msomaji. Asubuhi anawasomea magazeti, baadaye riwaya, na riwaya wanaichagua wenyewe kwa kura. Wakipendezwa, wanagonga chaveta kwenye ubao: ko, ko, ko!

Mambo haya hayakuanza jana. Yalianza mwaka 1865 katika kiwanda cha El Fígaro, hapo hapo Havana, na wafanyakazi ndio waliokuwa wakichanga kumlipa msomaji. Mwaka uliofuata watawala wa Kihispania wakapiga marufuku. Mtawala anaogopa nini kwa mtu anayesoma kitabu? Jibu analijua mwenyewe. Wasokotaji waliohamia Tampa, Marekani, ndio waliompokea José Martí mwaka 1891, na michango yao ikasaidia vita vya uhuru vilivyoanza 1895. Hata ile biri maarufu ya Montecristo jina lake limetoka kwenye riwaya ya Alexandre Dumas, iliyopendwa sana na wasokotaji.

Mama mmoja mtu mzima, mikono haitulii, aliniuliza kupitia kwa mkalimani: kitabu gani cha kwenu tumwambie msomaji wetu atusomee? Nikamtajia Paradise cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2021. Akasema yeye shule aliiacha mapema, lakini riwaya alizosikia pale hazina hesabu. Akagonga ubao mara moja. Jamani, nilisikia kitu kifuani.

Miaka yote nilikuwa nahesabu shule yangu iliishia kidato cha nne. Nikakumbuka nyumbani wakati wa kupanga madaraja: wiki nzima tumekaa ghalani, mikono inachambua majani, masikio hayana kazi.

Niliporudi, nikamtumia mdogo wangu wa kike furushi la magazeti, hili hili unalolishika likiwemo, na riwaya mbili. Msimu huu yeye alikaa juu ya robota akisoma, na fungu lake la majani wenzake wakamchambulia. Bei ya tumbaku haikupanda hata senti tano. Ila juzi mama kanipigia simu usiku, nikashtuka nikidhani kuna msiba.

"Mwanangu, ile hadithi imeishia pabaya. Toleo linalofuata liko wapi?"