Barua kutoka Derbyshire: mnara wa watu 11,409

Mpendwa Mjomba,

Huku ni majira ya joto, jua linazama saa tatu na nusu usiku, na watoto hawataki kusikia habari ya kulala.

Jumapili ya kwanza ya Julai nilipanda kilima cha Crich, katika mkoa wa Derbyshire, katikati ya Uingereza. Ni shamba kabisa: malisho yaliyozungushiwa kuta za mawe, kondoo, na barabara nyembamba ambayo magari yakikutana lazima moja lirudi nyuma. Kileleni, ukingoni mwa machimbo ya mawe ya chokaa, umesimama mnara wa mawe wenye urefu wa mita 19 hivi. Wenyeji wanauita Crich Stand. Ulijengwa kuwakumbuka wanajeshi wa kikosi cha Sherwood Foresters, kilichoandikisha vijana wa Derbyshire na wa mkoa jirani wa Nottinghamshire. Wengi walikuwa wachimba makaa ya mawe, wafanyakazi wa viwandani na watoto wa wakulima. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, watu 11,409 wa kikosi hicho walikufa.

Ile tisa ya mwisho ndiyo iliyonishika, Mjomba. Hawakusema elfu kumi na moja na kitu. Mtu alikaa na orodha, akahesabu mpaka akamfikia yule wa mwisho, ambaye huenda alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa kutoka kijiji ambacho hakuna anayekijua.

Kila mwaka, Jumapili hiyo, watu hupanda kilima kuwaombea. Nilikuta wazee wamevaa kofia za kijeshi na medali kifuani, wengine wakisukumwa kwenye viti vya magurudumu, na wajukuu wamebeba mashada ya maua mekundu ya karatasi. Kasisi alisali, tarumbeta ikalia, tukanyamaza dakika mbili. Upepo wa pale juu ni mkali hata mwezi wa Julai, na karatasi za nyimbo zilikuwa zikipeperuka mikononi mwa watu.

Baada ya ibada nilipanda ngazi za ndani, zinazozunguka na zilizo nyembamba kiasi kwamba anayeshuka lazima amsubiri anayepanda. Ukifika juu unaona mabonde, mashamba na minara ya makanisa ya vijiji vingi, na chini ya mteremko, upande wa pili, makumbusho ya tramu za zamani. Hapo juu nilimkuta mzee mmoja aliyewahi kutumikia kikosi hicho kabla hakijaunganishwa na kingine mwaka 1970. Aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Tanzania. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na jina la kaka wa babu yake aliyeuawa Ufaransa, jina la makaburi, herufi ya kiwanja, mstari na namba ya kaburi. Alikwishakwenda. Alisema alilipata kaburi katika muda wa kuvuta sigara moja, akapiga magoti, akamsomea mtu ambaye hakuwahi kumwona majina ya watoto wote waliozaliwa kwenye ukoo tangu siku ile.

Nilimpa mkono kwa moyo mweupe. Hivyo ndivyo wafu wanavyostahili kutunzwa, na ningependa ukoo wowote duniani uwe na karatasi ya namna ile.

Sasa nikueleze kwa nini nimekuandikia wewe habari hizi. Mnara huu ulizinduliwa Agosti 1923 na Jenerali Horace Smith-Dorrien, aliyelelewa kijeshi katika kikosi hichohicho. Mwishoni mwa mwaka 1915 serikali yake ilimteua aje kwetu, aongoze majeshi ya Kiingereza dhidi ya Wajerumani walioongozwa na von Lettow-Vorbeck. Akiwa safarini kwenda Cape Town aliugua kichomi, akashindwa kuendelea, na nafasi yake ikachukuliwa na Jan Smuts mwanzoni mwa 1916. Kwa hiyo aliyefungua mlango wa mnara wa Crich nusura awe yeye aliyewatembeza babu zetu kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji.

Walitembezwa hata hivyo, na Smuts na waliomfuata. Mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, barabara zilikuwa matope, kwa hiyo risasi, unga na mahema vilipanda vichwani mwa watu. Waingereza peke yao waliwachukua wapagazi takriban milioni moja katika vita ile, wengine kwa ujira, wengi kwa nguvu. Wajerumani nao walichukua wa kwao. Kambi ya wapagazi wa Waingereza ndiyo iliyokuwa hapo Kariakoo unapoishi. Karibu laki moja hawakurudi. Risasi hazikuwaua wengi wao. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, njaa na uchovu wa kubeba kilo 25 kwenye mvua kwa miezi.

Majina yao yako wapi? Dar es Salaam ina Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Nairobi ina ya kwake ya mwaka 1928, na humo mpagazi naye amechongwa. Zote mbili hazina majina ya watu. Wakubwa wa tume ya Kiingereza ya makaburi ya vita walikwishaamua mapema kwamba kwa Waafrika sanamu ya pamoja inatosha. Mwaka 1923, mwaka uleule wa mnara wa Crich, gavana wa Gold Coast, Gordon Guggisberg, aliieleza tume hiyo kwamba mwenyeji wa kawaida hangelielewa jiwe la kaburi wala kulithamini. Hasira ilinipanda niliposoma hayo. Watu wetu wanaotambika makaburini, wanaopeleka watoto kuonyeshwa walipolala babu zao, ndio walioambiwa hawajui kaburi ni nini!

Aprili 2021 tume hiyo ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa, hasa wa Afrika Mashariki na Misri. Iangalie hesabu hiyo, Mjomba. Kati ya namba ya chini na ya juu kuna watu 234,000, na hakuna anayeweza kusema kama walikuwapo au hawakuwapo. Derbyshire wanamjua wa elfu kumi na moja mia nne na tisa.

Naikubali radhi ile, lakini radhi bila majina ni nusu ya kazi. Tume imeahidi kuyatafuta. Ni wajibu wake kuyatafuta kwa bidii ileile aliyohesabiwa nayo kijana wa Derbyshire, na ni wajibu wa serikali zetu kufungua nyaraka na kuwalipa watafiti wetu, badala ya kungoja wageni.

Na wewe nakuomba jambo moja. Wazee wa msikitini kwenu, na wale wa kijijini Korogwe, waliwasikia babu zao wakitaja waliokwenda na mizigo wasirudi. Chukua daftari, waulize mmoja mmoja, uandike jina la mtu, jina la baba yake, kijiji chake, na aliyesimulia. Usingoje mpaka mwakani, maana wanaokumbuka wamebaki wachache. Nitumie nakala, nami nitaipeleka kwa tume kwa mkono wangu.

Mwanao,
Derby, Uingereza