Pasaka ya Matope

Babu yangu hahesabu miaka kwa namba, anaihesabu kwa washindi. Ukimuuliza alioa lini, atakujibu, "Mwaka ule wa pili wa Shankland." Hapo itakubidi ujue kwamba Bert Shankland na Chris Rothwell, waliokuwa wakazi wa Tanzania, walishinda mashindano ya magari ya East African Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, wakiendesha Peugeot 404. Basi babu alioa 1967. Ukimuuliza alipanda lini meli kutoka Bukoba kwenda Uganda kwa mara ya kwanza, atasema, "Ulikuwa mwaka wa Joginder." Huo ni 1965, mwaka ambao Joginder Singh na mdogo wake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544.

Bibi naye anahesabu kwa mimba na mvua. Kalenda hizi mbili zimeishi chini ya bati moja hapa Miembeni kwa zaidi ya nusu karne bila kugombana, kwa sababu kila moja ina mambo yake. Ziligongana mahali pamoja tu, Pasaka ya 1968, na mimi ndiye niliyezigonganisha.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia. Tasnifu yangu inahusu vibarua na matingo waliofanya kazi kwenye barabara kati ya Uganda na mkoa wetu, ambao miaka hiyo uliitwa Ziwa Magharibi. Likizo iliyopita nilirudi nyumbani na daftari pamoja na simu ya kurekodia, nikaanza na mtu wa karibu. Babu alikuwa utingo wa lori Uganda kuanzia 1965 hadi Idi Amin alipochukua nchi mwaka 1971. Nilimuuliza kuhusu mishahara, mizigo na polisi wa barabarani. Alinijibu kwa kifupi, kama mtu anayelipa kodi. Kisha akanyoosha mguu na kusema, "Sasa ngoja nikwambie habari ya maana."

Mwaka 1968, dunia ya mbio za magari ilikuwa na mambo mengi. Msimu wa Grand Prix ulikuwa umeanzia barani kwetu, Kyalami, Afrika Kusini, tarehe 1 Januari, na Jim Clark wa Uskoti akashinda. Ulikuwa ushindi wake wa 25 na wa mwisho. Jumapili ya Matawi, tarehe 7 Aprili, Clark alikufa Hockenheim, Ujerumani Magharibi, katika mbio za daraja la pili. Mwezi mmoja baadaye alikufa Mike Spence, Juni akafuata Ludovico Scarfiotti, Julai akafa Jo Schlesser huko Rouen, Ufaransa. Mbio za msimu huo zilikuwa 12, na Graham Hill alitwaa ubingwa Mexico mwezi Novemba. Kule madereva walizunguka njia ileile mara nyingi, na hatari yao kubwa ilikuwa mwendo.

Huku kwetu hatari ilikuwa matope. Safari ilianzishwa 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kuanzia 1960 ikaitwa East African Safari. Ilifanyika wakati wa Pasaka, na Pasaka kwetu ni masika. Magari yalikuwa ya aina ileile ambayo daktari au mfanyabiashara angeweza kuinunua dukani. Yalipita Kenya, Uganda na Tanzania kwa maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kwenye barabara ambazo wenyeji walizitumia kila siku kupeleka pamba na kahawa. Kila dakika uliyochelewa kufika kituo cha ukaguzi ilikuwa adhabu, na mwenye adhabu chache ndiye aliyeshinda. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakamaliza tena saba. Mshindi mara zote mbili alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Hadi wakati huo viwanda vya Ulaya vilikuwa vimeleta madereva wao hodari mwaka baada ya mwaka, lakini hakuna aliyetoka ng'ambo aliyewahi kushinda. Wa kwanza alikuwa Hannu Mikkola wa Ufini, mwaka 1972.

Walioandika habari hizo walieleza kwamba wenyeji waliyajua matope. Ni kweli, ila neno "wenyeji" hapo lilikuwa na maana ya madereva wanaoishi Afrika Mashariki, na karibu wote walikuwa Wazungu na Wahindi. Babu alikuwa mwenyeji wa aina nyingine. Lori lao lilikuwa limekwama kwenye njia ya pembeni upande wa mashariki wa Kampala, na dereva wake alikuwa amelala ndani akisubiri mvua ipungue. Usiku wakasikia injini inalia. Peugeot nyeupe, yenye namba ubavuni, ikaja ikitambaa, ikazama hadi kwenye bampa hatua chache mbele yao.

"Tulikuwa kama kumi na wawili," babu alisema. "Wengine walitoka vijijini na majembe kabisa, wakijua magari yatapita. Mimi nilivua shati nikaliweka juu ya lori. Tukakata matawi, tukayaweka chini ya matairi, tukasukuma. Gurudumu likanimwagia tope mdomoni. Nilikula udongo wa Uganda siku ile."

"Ilitoka?"

"Ingebaki, ungeniona hapa najisifu?"

Shangazi, ambaye ni mtoto wao wa kwanza, alikuwa jikoni anamenya ndizi. Alipaza sauti kwa utani kama anavyofanya kila mara babu anapofika hapo. "Baba, sema ukweli, ulimsukuma Nowicki!"

"Sikumuuliza jina," babu akasema, "na yeye hakuniuliza."

Niliandika sentensi hiyo na kuipigia mstari. Niliona nimepata kiini cha sura nzima ya tasnifu. Orodha za Safari zinataja dereva, msomaji ramani, aina ya gari, wakati mwingine hata mwenye gari. Magari saba ya 1968 hayakufika kwa petroli peke yake. Kila mahali palipozama gari palikuwa na mabega, na mabega hayo hayakupewa namba. Nilifurahi kama mwanafunzi anavyofurahi anapopata ushahidi wenye sura ya mtu anayempenda.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Hakuinua macho. Alisema, "Muulize na mimi nilikuwa wapi Pasaka hiyo."

Simu ilikuwa bado inarekodi. Ukisikiliza utasikia ungo ukitikiswa, kisha ukimya, kisha babu akisema, "Ulikuwa nyumbani."

"Nyumbani wapi, waitu? Nyumbani kuna pa kukaa na pa kufia."

Hivyo ndivyo nilivyosikia habari ambayo hata baba yangu aliijua nusu tu. Mwaka 1968 bibi alikuwa binti wa miaka 19, ameachwa kwenye kibanja cha wakwe zake Muleba, na mimba yake ya kwanza. Babu alikuwa ameahidi kurudi kabla ya Pasaka. Pesa alikuwa akituma, na bibi halikatai hilo. Uchungu ulimshika usiku wa Ijumaa Kuu. Mkunga wa kijijini aliangalia akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe misheni. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa, barabara imekatika, na gari la pekee lililojulikana eneo hilo halikuweza kupita. Majirani wanne wakafunga blanketi kwenye miti miwili wakatengeneza machela. Walimbeba usiku kucha, wakishuka mabondeni na kupanda vilima, wakibadilishana mabega kila walipoteleza.

"Walianguka mara tatu," bibi alisema. "Hawakuniangusha hata mara moja. Walipiga magoti wao."

Alfajiri walifika, na shangazi akazaliwa Jumamosi, mzima. Bibi aliwataja wale wanne kwa majina yao na ya baba zao, taratibu, kama mtu anayesoma litania. Nilipomuuliza anakumbukaje yote hayo, alinishangaa. "Ungesahau majina ya miguu iliyokubeba?"

Babu alikuwa amenyamaza. Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na kisu mkononi. Alijua kwamba alizaliwa Pasaka, kila mwaka tunamtania hivyo, lakini hakuwa amejua habari ya machela. Na babu, tuligundua pale pale, hakuijua pia. Alirudi mwezi Juni mwaka ule, akakuta mke na mtoto wakiwa na afya, akaambiwa, "Tumejifungua salama." Hakuna aliyemweleza zaidi, na hakuuliza. Kisha akaanza kuwasimulia watu habari ya Peugeot, na bibi akaamua kwamba nafasi ya usimulizi nyumbani imeshajaa.

Ningeweza kuandika hapa kwamba babu alilia, au kwamba waligombana. Aliuliza swali moja tu: "Kati ya hao wanne, nani yuko hai?"

"Mmoja," bibi akasema. "Ameshakuwa mzee kuliko wewe."

Jumamosi iliyofuata tulipanda Hiace kwenda Muleba, babu, shangazi na mimi. Bibi alikataa. Alisema yeye alishashukuru zamani, aliwapelekea ndizi na senene miaka mingi, na deni lililobaki si lake. Babu alivaa koti la kanisani. Alibeba kilo tano za sukari na kanga mbili za mke wa mwenyeji. Siku hizi njia hiyo ni ya lami. Shangazi alikaa dirishani akiangalia mabonde, na kila tulipopanda kilima alishusha pumzi kidogo, kana kwamba mzigo uliokuwa ukibebwa ni yeye bado.

Mzee alitupokea kwa adabu. Tulipewa kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama inavyopaswa. Babu akajitambulisha kwa jina la baba yake na la kijiji, akaeleza kilichomleta. Alisema maneno yake akiwa ameinama, mikono imekutana mbele, kama kijana aliyekuja kuposa. Alisema, "Mzee wangu, nimechelewa kuja kushukuru."

Mzee alitafuna kahawa yake kwa muda mrefu. "Nilipoona koti nilidhani umekuja kudai kibanja," alisema, na wote tukacheka. Kisha akamwita shangazi asogee, akamtazama. "Ulikuwa mzito," akamwambia. "Wewe na mvua."

Nilikuwa nimefungua daftari. Nilimsomea majina manne aliyoyataja bibi ili nihakikishe tahajia. Alitikisa kichwa kwa kila jina, akisema nani alikufa lini na kwa nini. Nilipomaliza alisema, "Bado mmoja."

"Bibi alisema wanne."

"Wabebaji wanne. Kulikuwa na mtoto wa kike mbele, wa miaka kama kumi, ameshika taa ya chemli. Bila yeye tungemwaga mama yako mtoni," alimwambia shangazi. "Bibi yenu alikuwa amelala chali. Angemwonaje?"

Alinipa jina la msichana huyo. Aliolewa ng'ambo ya mpaka, Uganda, kabla ya vita, na daraja la Kyaka lilipovunjwa mwaka 1978 habari zake zilikatika. Hata Safari yenyewe ilikuwa imeshaacha kuvuka mipaka. Katikati ya miaka ya 1970 ilibaki Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika. Watu waliokuwa wakienda Kampala kama wanaokwenda sokoni walilazimika kuchagua upande.

Nimerudi chuoni. Msimamizi wangu amesoma rasimu ya sura ya tatu na kuniuliza, kwa haki kabisa, machela ya Muleba inahusiana vipi na kazi za barabarani. Nimemjibu kwa kurasa kumi, lakini jibu lenyewe ni fupi. Barabara zilizowapa madereva saba sifa ya 1968 ndizo zilizomlaza bibi kwenye blanketi wikiendi ileile. Matope yalikuwa mamoja. Kwa dereva aliyekwama yalikuwa mchezo, na mabega yalimjia kwa sababu gari lilikuwa na namba. Kwa binti wa miaka 19 hayakuwa mchezo, na mabega yalimjia kwa sababu aliitwa kwa jina. Nikiandika kuhusu yale ya kwanza tu, nitakuwa nimeongeza wasukumaji kwenye orodha ya madereva, na historia ya barabara itabaki kuwa ya magari.

Shangazi amenipigia simu juzi. Kuna mfanyabiashara Mutukula anayewajua watu wa upande wa pili, na amemwachia jina la yule msichana wa taa, ambaye kama yupo anakaribia miaka 70. Babu amesema akipatikana atakwenda mwenyewe, mpaka umefunguliwa na miguu yake bado ipo. Bibi amesema safari hii naye atakwenda.