Majuto Amekufa Tena

Jumatatu, 6 Agosti 2018

Bei ya mahindi sokoni, na mzee wa Kawajense aliyelishiwa shamba na ng'ombe. Klipu yake fupi ya redio imenila asubuhi nzima, maana mhariri hataki maungio yasikike. Mchana umeme umekatika. Gridi ya taifa haijafika Katavi, kwa hiyo mashine za TANESCO zikichoka, mkoa mzima unachoka nazo.

Jumatano, 8 Agosti, usiku wa manane

Nane Nane. Viongozi wako Simiyu, maofisa kilimo wetu wako Mbeya, viwanja vya John Mwakangale. Studio tumebaki mtangazaji wa zamu, mhariri na mimi wa fildi. Giza limeshaingia, simu zikaanza kulia zote kwa pamoja: mchekeshaji King Majuto amefariki Muhimbili.

Mtangazaji hakuinua hata kichwa. "Amekufa tena?"

Alikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Tangu mzee aanze kuugua, akapelekwa India, akarudi, watu wamemzushia kifo na familia imekuwa na kazi ya kukanusha. Mhariri akasema hakirushwi kitu. Akaonyesha ukutani ilipobandikwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, karatasi imeshapauka. Nikamwambia, mama, wenzetu wameshatangaza. Akanijibu, "Mwanangu, maiti haikimbii. Kaa uandike maisha yake, ukimaliza usimpe mtu."

Nikakaa. Amri Athumani, mtu wa Tanga, umri miaka 70. Jina hilo la kwanza ilibidi nilitafute, mimi niliyekua nikimwona kila safari ya basi la Tabora, kwenye televisheni ndogo juu ya kichwa cha dereva. Nikaandika alivyoigiza na Sharo Milionea, ambaye naye alifia Muheza, ajali ya gari, Novemba 2012. Ujumbe wa wasikilizaji ukazidi kumiminika: ni kweli? Tukawapigia muziki. Mhariri anapiga Dar, namba inatumika. Anapiga tena. Mtu wake alipopokea walizungumza kidogo sana, akaweka simu mezani, akaninyooshea mkono nimpe karatasi.

Tulikuwa wa mwisho, nadhani, nchi nzima. Lakini simu zilizofuata! Mvuvi wa Ikola akasema alishasoma kwenye simu, hakuamini, akasubiri redio yake. Mama mmoja wa Katumba, nyumbani kwao kilikuwa Kirundi tupu, akasema alimcheka Majuto kabla hajajua anasema nini. Ule uso ulimtosha. Mwingine akaanza kusimulia kipande cha filamu, mke na mpangaji na ndoo ya maji, akashindwa kumaliza kwa kicheko, na mtangazaji wetu aliyekuwa ameshashusha sauti ya msiba akacheka naye hewani. Mhariri alisimama nyuma ya kioo. Hakukata.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimetumwa eneo la Mpanda Hotel kuchukua maoni ya mtaani. Swali nililopewa ni "umeipokeaje taarifa hii?" na limeniletea "kwa masikitiko makubwa" kutoka kwa kila niliyemsogezea kinasa sauti. Ni swali bovu, linamfanya mtu aongee kama mkuu wa wilaya.

Basi nikakizima. Muuza CD amegeuza televisheni iangalie barabarani, anamwonyesha Majuto tangu asubuhi, na bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao hawataki abiria. Nikakiwasha tena, nikarekodi vicheko vyao tu. Kikaoni mhariri akasema msiba hauna kicheko. Mtangazaji akasema hiyo ndiyo sauti pekee ya maana tuliyoleta leo. Wamesuluhishana: itaenda kipindi cha jioni, taarifa ya habari ibaki na masikitiko yake makubwa.

Kuna jambo lingine ambalo halikuingia hewani. Mwaka huu huu Waziri Mwakyembe aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwemo. Na zile CD za pale ni za kudurufu, jalada limetolewa fotokopi mpaka sura ya mzee imekuwa kivuli. Nilimuuliza muuzaji msanii anapata nini kwa kila moja. Akaniangalia. "Dada, umekuja msibani au umekuja kunichoma?"

Mhariri anasema si wiki hii, marehemu hajazikwa. Namheshimu, ila kwa hili sikubaliani naye. Wiki ijayo tutakuwa na ng'ombe na mahindi, nani atauliza?

Ijumaa, 10 Agosti

Amezikwa Kiruku, kwao Tanga. Sisi tuko huku karibu na Ziwa Tanganyika, yeye analala karibu na bahari. Tumesoma sentensi tatu, kisha matangazo ya vifo vya hapa hapa mjini, ambayo ni marefu zaidi na yamelipiwa.

Nimeomba Jumatatu niende kwa ofisa utamaduni wa manispaa na swali langu la CD. Mhariri hakusema ndiyo, hakusema hapana. Muuzaji ameshanitumia ujumbe: nikaribie kununua, ila kile kidude nikiache ofisini.