Mashini na Mfuko

Sisi tunaofundisha katekisimu tumezoea kuwaambia vijana: mashini inayokula sarafu ni kamari. New York nayo ilidhani vile juu ya flipa, mchezo wa gololi ya chuma inayorushwa chini ya kioo. Ikaukataza mwaka 1942, ikauruhusu 1976, Roger Sharpe alipowaonyesha wakubwa wa mji kwamba ni ufundi wa mikono.

Kumbe, katika Las Vegas, mji wa kamari, Tim Arnold alifungua mwaka 2006 nyumba ya flipa. Sarafu zilizosalia baada ya matengenezo akazitoa kwa kazi za mapendo.

Tukakumbuka chumba chetu cha michezo parokiani. Feza za vijana ziliingia mfuko gani? Tukaona haya. Basi, ndugu, kabla ya kuhukumu mashini, tufungue mfuko wetu.