Kiwanja cha Mama na chuo cha udaktari

Wiki mbili sijaandika kitu hapa, niwieni radhi. Kazini mambo yalikuwa mengi, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na kesi nyumbani, na kesi yenyewe ni kiwanja cha Mama kule Chanika.

Mdogo wangu wa mwisho amemaliza kidato cha sita, PCB. Matokeo si mabaya, ila nafasi ya udaktari hapa nyumbani hakupata. Akaenda na rafiki zake kwenye ofisi ya wakala wa vyuo vya nje, akarudi na barua ya kukubaliwa siku hiyo hiyo! Chuo ni cha binafsi, hakijatimiza hata miaka sita tangu kianze kufundisha udaktari, na kiko Georgia. Mama akawaambia majirani kuwa mwanawe anakwenda Marekani. Ikabidi nimfungulie ramani: si Georgia ile ya Atlanta, ni nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi, inapakana na Urusi na Uturuki. Akaniangalia, akasema, "Udaktari si ni udaktari tu, baba?" Mnunuzi wa kiwanja alikuwa ameshapatikana.

Mimi ni mwandishi wa habari. Kila siku nawabana wakubwa kwa maswali kuhusu madawati na visima. Nikaona aibu kukaa kimya kwenye jambo la miaka sita ya mdogo wangu na jasho lote la Mama.

Nikaanza na kipeperushi. Kimeandikwa kwa herufi kubwa kuwa chuo "kinatambuliwa na WHO". Jamani, Shirika la Afya Duniani halina kazi ya kutambua vyuo wala kuvipa ithibati. Zamani lilikuwa likichapisha orodha ya vyuo vya udaktari, basi. Orodha inayotumika sasa ni World Directory of Medical Schools, iliyoanza mwaka 2014, na wenyewe wanasema wazi kwamba chuo kuwamo humo si ithibati. Chuo chetu kilikuwamo. Lakini hata tapeli anaweza kuwamo kwenye kitabu cha simu.

Nikatazama upande wa pili, maana haki itendeke. Georgia ina chombo chake cha kukagua ubora wa elimu, na mwaka 2018 chombo hicho kilitambuliwa na Shirikisho la Dunia la Elimu ya Tiba, WFME. Si jambo dogo, nikampa mdogo wangu maksi zake. Ila WFME hutambua wakaguzi, haitambui chuo kimoja kimoja. Kwa hiyo bado unatakiwa kuuliza kama kozi hii, ya chuo hiki, ina ithibati, na inaisha lini.

Kilichoninyima usingizi ni picha. Maabara inang'aa, viti vipya, skrini ukutani. Wodi hakuna hata moja! Daktari hafundishwi na jengo, anafundishwa na mgonjwa aliyelala kitandani. Hospitali ni ipi? Ina vitanda vingapi, na wanafunzi wangapi wanazunguka kitanda kimoja? Na mgonjwa anaongea lugha gani? Darasani ni Kiingereza, sawa. Lakini bibi wa kule anayeumwa tumbo atakueleza kwa Kigeorgia, lugha yenye alfabeti yake ya herufi 33.

Msinielewe vibaya, upya si dhambi. Chuo cha udaktari cha Dar es Salaam, ambacho leo ni MUHAS, nacho kilikuwa kipya mwaka 1963. Kairuki pale Mikocheni na kile cha KCMC Moshi vyote vilianza mwaka 1997. Lakini angalia kitu kimoja. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, ile ya Mikocheni mwaka 1987. Wagonjwa walitangulia, wanafunzi wakafuata. Ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye kile kipeperushi.

Halafu kuna safari ya kurudi. Cheti cha nje kinapita TCU kwanza, kisha kuna mwaka mmoja wa utarajali na usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Chuo ambacho hakijatoa hata mhitimu mmoja hakina mtu wa kukuonyesha kuwa njia hiyo inapitika.

Nilipoyasema haya sebuleni, mdogo wangu alisimama. "Kaka, wewe ulishasoma. Sasa unanizibia mimi." Siku mbili hatukusalimiana. Sitaki kujifanya shujaa, maneno yale yaliniuma kwa sababu sikuwa na hela ya kumpeleka kwingine.

Siku ya tatu akaandika mwenyewe barua pepe chuoni, maswali manne: hospitali, vitanda, ithibati, lugha. Jibu likaja jioni. Atapunguziwa ada ya mwaka wa kwanza endapo atalipa kabla ya Ijumaa. Basi, hakuna kingine. Akamsomea Mama kwa sauti. Mama akanyamaza kidogo, akauliza, "Umewauliza vitanda, wao wanakujibu bei?"

Mnunuzi ameambiwa asubiri. Mdogo wangu ameandikia vyuo vingine viwili kwa maswali yale yale, na kimoja, huko huko Georgia, kimejibu kurasa mbili zenye jina la hospitali na idadi ya vitanda. Tunaendelea kuchunguza. Huenda kiwanja kikauzwa hata hivyo, na kikiuzwa sitasema neno.

Jana usiku amenigongea mlango kuniuliza neno "ithibati" kwa Kigeorgia linaandikwaje. Nadhani tumeshapatana.