Jikoni na nesi, sehemu ya 7: keki bila oveni

Mama wa Mbagala, mama wa Tandale, oveni huna na watoto wanataka keki? Blue Band na sukari piga kwa mwiko mpaka viwe vyeupe, mashine ya nini. Sufuria ipake mafuta, nyunyiza unga. Mkaa kidogo sana chini, mwingi juu ya mfuniko. Na usifunuefunue, itabonyea.

Sasa jiko lenyewe. Libaki nje. Mvua ikinyesha usiliingize chumbani ukafunga mlango, hata kama makaa ni mekundu na moshi umeisha. Ile hewa yake haina harufu, mtoto analala moja kwa moja. Ukisikia kichwa kinagonga, au mtoto anatapika na kulegea, tokeni nje wote, mwende hospitali. Keki iacheni iungue.