Feni ya kompyuta ikiunguruma, usisubiri waranti iishe

Feni ya kompyuta mpakato haipigi kelele bila sababu. Huenda programu zilizofunguliwa ni nyingi na kifaa kimeelemewa, huenda njia ya hewa imeziba kwa vumbi, au feni yenyewe imeanza kuchoka. Hata hivyo, katika nyumba nyingi ninazozifahamu majibu huwa mawili tu. Kuna wanaoizoea kelele mpaka kifaa kizime chenyewe, na kuna wanaokimbilia bisibisi. Kama waranti bado iko hai, majibu yote mawili yanaweza kukugharimu.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya, si fundi. Mada hii imenifikia kwa sababu nyumbani kwetu Tabata, kompyuta moja ilitaka kutugombanisha watu watatu: mama, mdogo wangu wa kiume na mimi.

Kompyuta hiyo ni ya mdogo wangu, ambaye yuko mwaka wa pili chuoni. Ilinunuliwa kwa Sh950,000. Kati ya hizo, Sh600,000 zilitoka kwenye mgao wa kikoba cha mama na zilizobaki nikaongeza mimi. Dukani tulipewa risiti na karatasi ya waranti ya mwaka mmoja. Mama aliiweka karatasi hiyo kwenye bahasha moja na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Kwake ile ilikuwa akiba ya mwaka mzima wa kuamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi.

Mwezi wa tisa feni ikaanza. Kwanza ulikuwa mvumo, kama upepo unaopita dirishani. Baadaye ukaongezeka mlio wa kukwaruza, hasa kompyuta inapowashwa asubuhi. Mdogo wangu akiandika kazi zake sebuleni usiku, mama aliusikia akiwa chumbani.

"Dada, kuna jamaa hosteli anafungua na kupuliza kwa Sh15,000 tu," mdogo wangu aliniambia. "Nusu saa kazi imeisha."

Mama hakutaka hata kusikia. "Miezi mitatu imebaki. Dukani walisema isifunguliwe. Huyo jamaa yako akiifungua ikafa, nani atanirudishia hela yangu? Subirini waranti iishe, ndipo mfungue."

Kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli. Mdogo wangu alikuwa sahihi kwamba tatizo halikuwa la kusubiri. Mama alikuwa sahihi kwamba haikuwa ya kufunguliwa na yeyote tu. Lakini kusubiri waranti iishe ndipo tuanze kuhangaika ni sawa na kukata bima ya afya, ukaugua, kisha ukangoja kadi iishe muda ndipo uende hospitali.

Kinachotokea ndani

Feni huvuta hewa, mara nyingi kupitia matundu ya chini, na kuisukuma kwenye vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama meno ya kitana. Vipande hivyo hubeba joto kutoka kwenye prosesa, na hewa hulitoa nje. Vumbi, nywele na nyuzi za blanketi hunasa kati ya feni na meno hayo. Miezi ikipita, hugandamana na kuwa kama kitambaa kizito. Hewa haipiti vizuri, joto linapanda, na feni inaongeza mbio ili kufidia. Huo ndio mvumo unaousikia.

Joto likizidi, kompyuta hujilinda. Prosesa nyingi hujipunguza kasi zinapokaribia nyuzijoto 100 za Selsiasi, na hali ikiwa mbaya zaidi kifaa huzima. Mwanafunzi hulalamika kwamba kompyuta imekuwa nzito, mzazi akadhani ni mchezo wa kuombea mpya.

Mlio wa kukwaruza ni jambo jingine. Huo mara nyingi hutokana na feni yenyewe: beringi zimechakaa au pangaboi limegusa kitu. Kupuliza vumbi hakuponyi beringi. Ndiyo maana ni muhimu kusikiliza kabla ya kugusa.

Kwa wenye watoto, joto hilo lina upande wa afya pia. Mwaka 2010, jarida la kitabibu la Pediatrics lilichapisha taarifa ya madaktari wa Uswisi kuhusu mvulana wa miaka 12 aliyebadilika rangi ya ngozi kwenye paja la kushoto. Kwa miezi kadhaa alikuwa akicheza michezo ya kompyuta saa nyingi kila siku, kifaa akiwa amekipakata, na upande wa kushoto ndio uliokuwa unapata moto. Hakuungua kwa maana tuliyoizoea. Ngozi iliathiriwa na joto la wastani lililorudiwa kila siku, hali ambayo madaktari huiona pia kwa watu wanaokaa karibu na moto kwa muda mrefu. Kwa hiyo mtoto akisema kompyuta inamchoma mapajani, usimwambie avumilie. Mtafutie meza.

Yanayowezekana bila bisibisi

Kabla ya kwenda popote, tulifanya mambo ambayo hayagusi skrubu hata moja.

La kwanza lilikuwa kuangalia kama kelele inatokana na kazi nyingi. Kwenye kompyuta za Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka linaonyesha ni programu ipi inayotumia nguvu kubwa. Mdogo wangu alikuwa na kurasa zaidi ya thelathini za intaneti zilizofunguliwa. Alipozifunga mvumo ulipungua kidogo, ila kukwaruza kulibaki.

La pili ni mahali pa kuitumia. Godoro, mto na blanketi huziba matundu ya chini. Sehemu ngumu na bapa, hata sinia lililogeuzwa, ni afadhali kuliko kitanda.

La tatu ni kusafisha kwa nje. Zima kabisa, chomoa chaja, iache ipoe. Chukua brashi laini na kavu, pitisha kwenye matundu taratibu ukitoa vumbi nje, si kulisukuma ndani. Mimi niliazima kwa mpiga picha wetu wa gazeti kile kipira cha mkono anachotumia kupulizia vumbi kwenye lenzi. Kinatosha. Kama una kopo la hewa, lishike wima na upulize kidogokidogo, kwa sababu likiinamishwa linaweza kutema kimiminika.

Usipulize kwa mdomo, kwani mate ni maji. Usitumie mashine ya kunyonya vumbi ya nyumbani, maana inaweza kuzalisha umeme tuli unaoharibu vipuri. Na tafadhali usiipeleke kwa fundi wa pancha akupulizie kwa kompresa ya matairi. Hewa ile ina nguvu kubwa na mara nyingi imebeba unyevu, na feni ikizungushwa kwa kasi isiyo yake inaweza kuharibika hapo hapo.

Kazi hii ifanyie nje ya nyumba, ukiwa na barakoa, mbali na mtoto mwenye pumu. Vumbi la miezi tisa likitoka kwa mkupuo si kitu cha kuvuta.

Dukani

Mlio wa kukwaruza ulipobaki, nilimwambia mdogo wangu aurekodi kwa simu. Vifaa vina tabia ya mtoto aliyekohoa usiku kucha na akifika mbele ya daktari anatulia. Ile rekodi ndiyo iliyotusaidia.

Muuzaji aliiwasha kompyuta, ikakaa kimya. "Dada, hizi zote huwa zinalia, ni kawaida," alisema. Tukamchezea rekodi. Akasema ni vumbi, na vumbi halimo kwenye waranti. Tukamuuliza kama tukisafishe wenyewe. Akasema stika iliyo juu ya skrubu ikichanika tu, tusirudi.

Hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa na kuondoka. Mama, aliyekuja na bahasha yake, alimwambia kwa upole: "Mwanangu, mimi sigombani. Hayo uliyosema niandikie hapa, uweke na mhuri wa duka." Muuzaji akampigia simu bosi wake. Dakika kumi baadaye tulielekezwa kwenye kituo cha huduma kinachotambuliwa na kampuni iliyotengeneza kompyuta hiyo.

Kituoni waliifungua mbele yetu. Vumbi lilikuwepo, tena la kutosha, lakini feni nayo ilikuwa na beringi mbovu. Feni mpya tuliwekewa bure. Usafi tulilipia Sh30,000, kwa maelezo kwamba waranti inahusu kasoro za utengenezaji, si vumbi la matumizi. Wakatupa karatasi inayoonyesha tarehe, tatizo na kilichobadilishwa, na wakaweka stika yao mpya. Kama ingepulizwa hosteli, vumbi lingetoka, mlio ungebaki, na haki ya kudai feni ingekuwa na mashaka.

Suala la stika linastahili maelezo. Nchini Marekani, sheria ya waranti ya mwaka 1975 inazuia kampuni kumlazimisha mteja atumie vipuri au mafundi wake tu ili waranti iendelee, isipokuwa zikitolewa bure. Aprili 2018, Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilizionya kampuni sita kuhusu masharti ya aina hiyo, yakiwemo maandishi ya stika zinazodai waranti inakufa ukizitoa. Video nyingi za mitandaoni zinazokwambia "fungua tu, wewe una haki" zinatoka huko. Sheria hiyo haikufuati Kariakoo. Hapa kwetu shika kwanza karatasi uliyopewa na usome masharti yake. Ukiona umedhulumiwa, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye jukumu la kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Si kila kampuni ina masharti yaleyale. Dell, HP na Lenovo, kwa mfano, huweka mtandaoni miongozo ya kufungua kompyuta zao, hatua kwa hatua. Lakini kuwepo kwa mwongozo hakumaanishi kwamba utakachovunja wakati wa kufungua kitalipiwa na wao. Kabla ya kushika bisibisi, uliza kwa ujumbe wa maandishi: je, nikisafisha feni mwenyewe, waranti inabaki? Jibu lao litunze. Maneno ya mdomo yanasahaulika siku ya madai.

Jambo jingine: kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu zimepitia Dubai au nchi nyingine, na waranti ya mtengenezaji inaweza kuwa ya nchi hiyo tu. Kilichobaki mkononi mwako kinakuwa ahadi ya duka. Namba ya utambulisho iliyo chini ya kifaa, ukiiingiza kwenye tovuti ya mtengenezaji, itakuonyesha waranti inaisha lini. Fanya hivyo siku ya kununua, si siku ya kelele.

Kabla ya muda kuisha

Mzazi uliyemnunulia mwanao kompyuta, jioni ya leo tenga robo saa. Tafuta risiti na karatasi ya waranti, uzipige picha kwa simu, kwa sababu maandishi ya risiti nyingi hufifia baada ya miezi michache. Weka ukumbusho kwenye simu miezi miwili kabla ya waranti kwisha.

Siku ukumbusho utakapolia, kaa na mwanao mahali tulivu muiwashe kompyuta pamoja. Sikilizeni feni. Gusa upande wa chini baada ya nusu saa ya matumizi. Jaribuni kamera, spika, chaja na kila kitufe. Kama kuna mlio, joto kali au kuzima ghafla, rekodini na mpeleke wakati bado mna miezi miwili ya kubishana, maana kituo kinaweza kuomba muda wa kuagiza kipuri. Kabla hamjaikabidhi, hamisheni kazi za mtoto kwenye diski ya nje au flashi, na mwondoe nywila na picha zenu za familia.

Waranti ikishaisha na kifaa kikiwa kizima, hapo mwite fundi unayemwamini aifungue na kuisafisha, hata mara moja kwa mwaka. Mruhusu mtoto akae pembeni aangalie, ajue ndani ya kompyuta yake kuna nini na kwa nini haitakiwi kulala naye chini ya blanketi.